Mtoto Kaacha Ziwa, Maziwa Hayajaacha

Leo najibu swali moja tu, maana limenijia kwa sura nyingi mno na kulijibu juu juu ni kuwadhulumu wanaouliza. Mtoto ameachishwa ziwa, anakula ugali na dagaa, kunyonya amekusahau. Mama yake akiingia bafuni, akibonyeza titi, tone jeupe linachomoza. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Mmoja wenu wa Tanga anasema ni miezi minne tangu amlikize mwanawe wa pili. Mumewe ameanza kumtazama kwa jicho la kuuliza, na mama mkwe ameshatoa lake, kwamba ziwa hilo lina jambo na mganga aonwe. Mwingine, wa Eldoret, amenunua vidonge vya kukausha maziwa kwenye duka la dawa na anauliza kama avimeze. Usivimeze kwanza, mama. Nisomeni wote.

Kwa wanawake wengi, maziwa kuendelea kutoka kidogo kidogo baada ya mtoto kuacha ni jambo la kawaida. Wapo wanaokauka ndani ya wiki chache. Wapo wanaoona matone kwa miezi kadhaa, hasa wakibonyeza, na wapo wanaofika mwaka na kupita bila ugonjwa wowote. Tukumbuke na muda wenyewe wa kunyonyesha. Qurani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri miezi sita ya maziwa ya mama matupu, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka miwili au zaidi. Aliyenyonyesha muda wote huo, pengine watoto watatu wakifuatana, asitarajie mwili ukunje jamvi kwa siku tatu.

Nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa utajua wewe mwenyewe cha kufanya. Chini ya ubongo, nyuma ya macho, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere inayoitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa homoni ya prolaktini, ambayo huliamuru ziwa litengeneze maziwa. Siku zote ubongo unaibana tezi hiyo kwa kemikali iitwayo dopamini, ili prolaktini isimwagike ovyo. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya kwenye chuchu inapeleka habari juu, ule mbano unalegea, prolaktini inapanda. Sasa mishipa hiyo haina macho. Haijui kama aliyeigusa ni mtoto mwenye njaa au ni vidole vyako vinavyokagua kama maziwa yamekwisha. Ikiguswa, inapeleka habari ileile.

Mfikirieni mama ntilie. Wateja wakiwa wengi anapika sufuria kubwa. Wakipungua, wali unabaki, kesho anapunguza mchele. Ziwa nalo maziwa yakibaki ndani bila kunyonywa hupunguza kutengeneza, na baada ya muda vile vifuko vinavyotengeneza maziwa husinyaa. Lakini kama kuna mteja mmoja anayechungulia kila asubuhi kuuliza kama chakula kipo, mama ntilie hafungi. Atamwekea kisufuria chake.

Huyo mteja mmoja, mara nyingi, ni wewe.

Nimesikia mengi kuhusu kubonyeza. Wengi mnabonyeza kwa hofu, mnataka kuhakikisha. Wengine mmeambiwa na wakubwa kwamba maziwa yaliyobaki ndani yataganda na kuwa uvimbe, kwa hiyo yakamuliwe mpaka tone la mwisho. Ninawaheshimu bibi zetu na mengi waliyotufundisha kuhusu uzazi yametufaa, ila hili la kukamua mpaka kwisha huyaleta maziwa badala ya kuyaondoa. Yaliyobaki mwili huyafyonza wenyewe taratibu, hayahitaji kutolewa yote. Mkitaka kuona nguvu ya kuguswa, mwangalieni bibi aliyebaki na mjukuu mchanga baada ya mama kufariki. Zipo simulizi nyingi za kweli, na kumbukumbu za kitabibu pia, za wanawake ambao hawakuwa wamezaa miaka mingi, wakamweka mtoto kwenye ziwa tena na tena, na maziwa yakaja. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu kizima cha kuelekeza wahudumu jinsi ya kumsaidia mwanamke kurudisha maziwa yaliyokauka, na msingi wake ni huohuo, chuchu inyonywe mara nyingi. Kama ziwa lililolala miaka linaweza kuamshwa hivyo, lako la majuzi litalalaje wakati unaliamsha kila ukioga?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa wengi wenu ndio utakaotosha, ni huu: acheni kubonyeza. Acheni kabisa, kwa wiki kadhaa, pasipo kuchungulia katikati. Oga, jifute kwa taulo bila kusugua chuchu, vaa sidiria inayoshika vizuri isiyobana, endelea na kazi zako. Kama tone linalowesha nguo ndilo linalokutia aibu ofisini au sokoni, weka kitambaa safi cha pamba ndani ya sidiria na ukibadilishe kikilowa. Ukikuta doa kavu lililokakamaa, usianze kukagua limetoka wapi.

Kuna mambo mawili hapa ambayo watu hawaniulizi waziwazi, nami nayajibu waziwazi. La kwanza ni mtoto aliyeacha kunyonya lakini hajaacha kushika. Analala mkono ukiwa kifuani kwa mama, anachezea chuchu mpaka usingizi umchukue. Wapo wa miaka mitatu wanaofanya hivyo na hakuna ubaya kwake, anatafuta joto. Ila kwa ziwa hiyo ni habari inayopelekwa juu kila usiku. Vaa fulana inayoziba, mpe mkono wako aushike, au mdoli, au kona ya kanga. Atalia siku mbili tatu, kisha atazoea.

La pili ni la chumbani. Mume anayechezea au kunyonya matiti ya mkewe huyaamsha maziwa sawasawa na mtoto. Si dhambi, si ugonjwa, na maziwa yakitoka katika faragha yenu hayamdhuru mtu. Kama mnataka yakome, pumzisheni sehemu hiyo kwa miezi michache, mapenzi yana njia nyingi. Na wewe shemeji, kama umelikuta gazeti hili mezani na umesoma mpaka hapa, nakuomba uchukue neno moja kutoka kwangu. Tone kwenye kifua cha mkeo haliwezi kukupa habari ya alikokwenda wala aliyekuwa naye. Ametoka kukulelea mwanao kwa mwili wake, na mwili unachelewa kupoa. Ukiwa na shaka nyingine muulize yeye kwa heshima. Ziwa usilifanye shahidi.

Nimgeukie dada wa Tanga na maneno ya mkwe. Sehemu nyingi za Tanzania mama anayenyonyesha hunyooshewa kidole mtoto akidhoofika. Watasema kambemenda mwanawe, yaani kalala na mwanamume kabla ya wakati na maziwa yakaharibika. Tuhuma hiyo imewaliza wanawake wengi bure. Tendo la ndoa haligusi maziwa. Mtoto anayenyong'onyea baada ya kuachishwa ziwa, mara nyingi amekosa chakula chenye nguvu ya kutosha, au anaharisha, au ana homa inayorudi rudi, na anayepaswa kumwona ni mhudumu wa afya akiwa na kadi yake ya kliniki. Na kama mtoto alilikataa ziwa siku za mwisho akikunja uso, kuna sababu pia. Ziwa linapofunga, maziwa yake huongezeka chumvi na huwa mazito ya manjano manjano. Ladha imebadilika kweli, lakini hakuna aliyeyaroga wala kuyachachisha.

Sasa vile vidonge, dada wa Eldoret. Dawa za kushusha prolaktini zipo, na zina kazi muhimu nitakayoitaja baadaye. Moja, bromokriptini, iliwahi kutumika sana duniani kukausha maziwa ya kina mama. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani iliondoa ruhusa ya kuitumia kwa kazi hiyo baada ya kuonekana taarifa za presha kupanda, kiharusi na mshtuko wa moyo kwa baadhi ya waliojifungua. Dawa ya namna hiyo mtu hainunui dirishani kwa kuelekezwa na jirani. Inaandikwa na daktari aliyekupima presha na kujua historia yako. Kwa matone ya kubonyeza, huihitaji kabisa.

Wale ambao ndio kwanza mnaachisha, siku hizi za mwanzo matiti yamejaa na yanauma, mna njia yenu. Kama mna nafasi, punguzeni taratibu: ondoa nyonyesho moja, kaa siku kadhaa, ondoa jingine, la usiku liwe la mwisho. Titi likijaa mpaka linawaka, kamua kidogo tu kwa mkono, lilegee, uache. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi husaidia, na majani ya kabichi ya baridi wengi yamewapa nafuu. Paracetamol inatosha kwa maumivu. Msijifunge kanga kifuani kwa kukaza kama mnavyoelekezwa, maana kukaza hivyo huziba mirija ya maziwa, na mrija ulioziba hualika uvimbe na homa. Shubiri na pilipili kwenye chuchu mnazifahamu kuliko mimi. Shubiri ni uchungu tu, pilipili inaunguza mdomo na macho ya mtoto na ngozi yako, naiombea iachwe. Na anayeendelea kunywa uwatu alioanza wakati wa arubaini ili maziwa yawe mengi, sasa auweke kando. Uji wa pilipili manga na supu endelea kula ukipenda, chakula peke yake hakiwezi kulishikilia ziwa lisilonyonywa.

Nimesema mara nyingi kwamba ni kawaida, na sitaki mtu achukue neno hilo akalale nalo huku ana jambo. Kwa hiyo nitawaeleza ni nani anayepaswa kuinuka aende zahanati au kituo cha afya.

Wa kwanza ni yule anayeweza kuwa mjamzito. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu wengi mmeshika mimba kwa kuamini kwamba maadamu maziwa yapo mimba haishiki. Kunyonyesha huzuia mimba pale tu mambo matatu yanapokutana: hedhi haijarudi, mtoto hajatimiza miezi sita, na ananyonya maziwa ya mama matupu, usiku na mchana. Likikosekana moja, kinga imekwisha. Matone ya baada ya kuachisha hayahesabiki hata kidogo. Tena mimba yenyewe hulijaza ziwa upya. Kipimo cha mkojo ni rahisi na jibu linapatikana dakika chache, anza nacho kabla ya yote.

Wa pili ni anayemeza dawa. Kumbuka kuna ule mbano wa dopamini kule kwenye tezi. Zipo dawa nyingi zinazoulegeza bila kukusudia. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil. Domperidone ya tumbo lililojaa gesi. Methyldopa, ile Aldomet wanayopewa wajawazito wenye presha, na baadhi yetu tunaendelea nayo muda mrefu baada ya kujifungua. Simetidini ya vidonda vya tumbo. Kwa baadhi, hata vidonge vya majira. Na zaidi ya zote, dawa nyingi zinazotumika kutibu magonjwa ya akili, kama haloperidol, chlorpromazine na risperidone.

Hapa naomba niongee na dada mmoja ambaye huenda hajamwambia mtu. Unahudhuria kliniki ya afya ya akili, dawa zimekurudisha kwenye maisha yako, umeanza kulala, umerudi kazini, na sasa kifua kinatoa maziwa wakati huna mtoto anayenyonya. Unaona aibu kumweleza daktari na unafikiria kuziacha kimya kimya. Usiziache. Kuacha ghafla kunaweza kukurudisha kule ulikotoka, pengine kwa kishindo zaidi. Mwambie daktari wako neno kwa neno: dawa hii inanitoa maziwa. Amelisikia kabla yako. Anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia, na zipo za kundi hilo ambazo hazisumbui sana upande huu. Ni haki yako kupona akili bila kulowesha blauzi.

Wa tatu ni yule ambaye mwili wake wote umepoa. Anachoka bila kazi, anasikia baridi wenzake wakijipepea, uzito unapanda, choo kigumu, ngozi imekauka, nywele zinakatika. Hizo ni dalili za tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango. Tezi hiyo ikizembea, ubongo hupiga kelele kuiamsha, na kelele hizo huiamsha na prolaktini. Wengi hudhani ni uchovu wa kulea. Kipimo cha damu kinaonyesha, na kidonge cha kila siku kinarekebisha, maziwa yakakoma yenyewe bila kuguswa. Ugonjwa wa figo wa muda mrefu nao huweza kuleta hali hii, na hata kidonda cha kuungua au mkanda wa jeshi kifuani, kwa sababu mishipa ya fahamu ni ileile.

Wa nne ndiye ninayemwombea sana aisome safu hii. Ni miezi sita na zaidi tangu aachishe, habonyezi, hamezi dawa, na maziwa yanatiririka yenyewe. Hedhi haimjii au inaruka ruka. Amekuwa akitafuta mtoto mwingine bila mafanikio. Hamu ya tendo imekwisha, ukeni pakavu. Kichwa kinauma mara kwa mara. Na macho yake yana kasoro ya ajabu: mbele anaona vizuri, lakini pembeni hapaoni. Anajigonga kwenye fremu za milango. Bodaboda inamtokea ubavuni kama imeshuka kutoka angani. Kwenye ile tezi ya pituitari huweza kuota uvimbe mdogo unaotoa prolaktini kwa wingi, na ukikua hugandamiza mishipa ya macho inayopita juu yake.

Neno uvimbe kwenye ubongo linatisha, najua, kwa hiyo nifafanue mara moja. Karibu wote wa aina hii si saratani. Wengi hawatibiwi kwa upasuaji bali kwa vidonge, na hapa ndipo kazi halisi ya bromokriptini na kabagolini ilipo. Bromokriptini humezwa kila siku, kabagolini kwa kawaida mara moja au mbili kwa wiki. Uvimbe husinyaa, hedhi hurudi, na wanawake wengi waliokata tamaa ya kuzaa hupata ujauzito. Tena hupata haraka, kwa hiyo asiyetaka mimba aanze uzazi wa mpango pamoja na matibabu. Ila mwenye dalili za macho asingoje tarehe ya kliniki ya mwezi ujao. Aende sasa.

Kuhusu hedhi, tahadhari moja. Mwenye sindano ya miezi mitatu au kijiti anaweza asione siku zake kabisa, na hiyo ni kazi ya njia anayotumia. Usijipe ugonjwa kwa sababu hiyo peke yake, ila mtajie daktari.

Yote hayo ni kuhusu maziwa. Likitoka kitu kisicho maziwa, mazungumzo yanabadilika. Damu, au majimaji ya rangi ya damu iliyooza, au majimaji maangavu ya kuona ng'ambo kama maji ya bomba, hasa yakitoka titi moja tu, kwenye tundu moja tu, yenyewe bila kubonyezwa: nenda wiki hiyohiyo. Ukitaka kujua rangi halisi, iangalie kwenye kitambaa cheupe. Maziwa huwa meupe au manjano, kwa kawaida hutoka pande zote mbili na kwenye matundu kadhaa ya chuchu. Titi jekundu, la moto, lenye maumivu na homa ni maambukizi, linahitaji dawa siku hiyohiyo kabla halijawa jipu.

Na kinundu. Nimewasikia wanawake wengi mno wakisema "ni maziwa yameganda" kuhusu kinundu walichokaa nacho mwaka mzima. Kweli, mrija ukiziba hufanya kinundu, na maziwa huweza kujikusanya yakawa kifuko. Vingi vya namna hiyo hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Kisichopungua kwa muda huo hakina ruhusa ya kuitwa maziwa mpaka mhudumu akishike na kipimo kithibitishe. Saratani ya matiti huwapata hata wanaonyonyesha na waliotoka kuachisha juzi, na kwa sababu ziwa lao limezoea kuvimba na kulegea, wao na hata wahudumu wao huchelewa kushtuka. Ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla wakati haikuwa hivyo, ukurutu kwenye chuchu moja usiopona, kinundu kwapani: usimkubalie mtu yeyote akwambie usubiri, awe mama mkwe au awe muuguzi mwenye haraka. Saratani hii ikikutwa mapema inatibika. Tunaipeleka hospitali za Ocean Road na Kenyatta ikiwa imechelewa, na sehemu ya kuchelewa huko imetokana na haya maneno matatu ya "ni maziwa yameganda".

Kuna wasomaji wangu ambao hawakumwachisha mtu. Mtoto aliondoka. Mimba ikitoka baada ya mwezi wa nne au zaidi, au mtoto akizaliwa hana uhai, au akifariki siku chache baadaye, maziwa huja vilevile, siku mbili tatu baadaye, na hakuna aliyekuonya. Nimekaa na mwanamke aliyeloa mbele ya waombolezaji akajifunika kanga mbili kwenye joto la Dar es Salaam ili asionekane. Pole sana, mama. Mwili wako haukukosea wala haukukejeli, ulikuwa umejiandaa kumpokea. Fanya yale ya sidiria na maji ya baridi, kamua kidogo tu pale maumivu yanapozidi, na ukiwa bado hospitalini muulize daktari kuhusu dawa ya kuyazuia, kwa sababu kwako inaweza kufaa. Sauti ya mtoto wa jirani akilia inaweza kuyaleta ghafla, hiyo ni homoni ya oksitosini inayoitikia kilio, na itapungua. Mlio karibu naye, mleteeni uji, mkae naye, na msimwambie atapata mwingine.

Kwa unayekwenda kuonwa, nikuandae. Usikamue asubuhi hiyo ili uwe na cha kuonyesha. Kugusa titi hupandisha prolaktini, na kipimo kitasoma juu bila sababu. Mkurupuko, mazoezi, tendo la ndoa na hata kutoka usingizini muda huohuo hufanya vivyo hivyo. Amka mapema, fika, kaa utulie, damu ichukuliwe ukiwa umepumzika. Jibu likiwa juu kidogo tu, usistuke wakitaka kurudia siku nyingine kabla ya kukutuma popote. Watapima na mimba, tezi ya shingo, pengine figo. Prolaktini ikiwa juu sana bila dawa ya kuilaumu, ndipo utapewa rufaa ya picha ya MRI ya kichwa, ambayo hufanyika hospitali kubwa, kwa hiyo ulizia bima yako mapema inagharamia nini.

Chukua mfuko, tia ndani kila dawa unayotumia, na za mitishamba pia, na vile vidonge ulivyopewa na dada yako. Andika tarehe uliyoachisha na tarehe ya hedhi ya mwisho. Daktari atatazama matiti ukiwa umekaa, mikono kiunoni, kisha juu ya kichwa, ndipo ayapapase, na kwapa pia. Anaweza kubonyeza chuchu taratibu juu ya kipande cha shashi nyeupe aone matundu mangapi yanatoa. Anaweza kukaa mbele yako, akuombe umtazame puani, kisha achezeshe vidole kutoka pembeni useme unapoviona. Ukipenda kuhudumiwa na mwanamke, au awepo muuguzi wa kike chumbani, sema, unaruhusiwa. Na akikuandikia dawa bila kuyafanya hayo, muulize kwa adabu kama hatakupima kwanza. Ukiona bado, nenda ngazi inayofuata, hospitali ya wilaya au ya mkoa, na barua zenu nizipokee baada ya majibu.